Menyu na upau wa zana kwenye mfumo wa SACCOS: kipi kikae juu, kipi kikae ndani?

fundi_wa_Kirumba

Wakuu habarini. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa programu za kompyuta za mezani.

Natengeneza mfumo wa SACCOS moja hapa Mwanza kwa lugha ya Python na PyQt, yaani zana za Qt za kutengeneza madirisha ya programu. Upande wa hesabu sina wasiwasi. Akiba, hisa, mikopo, marejesho na riba vinatoka sawa na mhasibu wao ameshahakiki. Kinachonisumbua ni uso wa programu. Juu kuna upau wa zana wenye vitufe 34, vyote ikoni za pikseli 16, bila maandishi. Menyu ziko tisa, na nyingine zina menyu ndogo ndani ya menyu ndogo. Kutoa taarifa ya mwanachama mmoja inabidi upite Ripoti, halafu Wanachama, halafu Binafsi, halafu Taarifa. Keshia akikosa kuishika mausi vizuri, menyu inajifunga anaanza upya huku foleni inamtazama.

Kitufe cha kuweka akiba na cha kupokea marejesho vyote vina picha ya noti na mshale, kwa hiyo wanachanganya. Halafu kuna jambo jingine silielewi: kuna siku napigiwa simu naambiwa upau wote wa juu umepotea, na hata wakizima programu na kuiwasha haurudi.

Nina mawazo mawili. La kwanza, nifute menyu zote niweke utepe wenye vichupo vikubwa kama wa Word. La pili, menyu ijifunze yenyewe: amri ambazo keshia hazitumii zifichwe, zinazotumika sana zipande juu. Kompyuta za kaunta ni laptop zenye kioo cha 1366 kwa 768. Mngekuwa ninyi mngefuata lipi?

---

binti_wa_kaunta (Tanga)

Kaka, pole na kazi. Usifuate hata moja kati ya hayo mawili. Nakueleza sababu kwa kirefu kwa kuwa jambo hili nalijali sana. Nilikuwa keshia wa chama cha ushirika kabla ya kuingia kwenye programu, na hadi leo kazi yangu ni kupanga madirisha ya mifumo ya kaunta.

Kwanza tenganisha kazi ya menyu na kazi ya upau wa zana, maana naona umevifanya kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili. Menyu ni mahali pa kila kitu. Mtu aliyeajiriwa leo afungue menyu moja baada ya nyingine, asome, na akimaliza ajue mfumo huu unaweza kufanya nini na nini hauwezi. Kwa hiyo menyu ina haki ya kuwa ndefu kidogo, mradi ina maneno kamili na mpangilio unaoeleweka. Upau wa zana haufundishi mtu. Upo kwa ajili ya mkono ambao tayari unajua unachotaka na unakirudia kutwa. Amri inayofanywa mara moja kwa mwezi haina nafasi hapo hata iwe muhimu kiasi gani. Kufunga mwaka wa hesabu ni jambo zito kuliko yote kwenye SACCOS, na ndiyo sababu mojawapo ya kulitoa kwenye upau.

Sasa ni zipi zinazorudiwa? Usikae nyumbani ukakisia, na usimuulize meneja, kwani meneja atakutajia ripoti. Omba ruhusa, kaa nyuma ya kaunta siku ya mishahara au siku ya gulio, uwe na daftari, uandike kila kitu keshia anachofanya kwa mpangilio anaokifanya. Baada ya hapo iache programu iandike yenyewe. Kwenye Qt kila QAction, yaani kile kinachobeba amri moja ya programu, hutoa ishara ya triggered amri inapotumika. Iunganishe na faili ndogo inayoandika jina la amri, saa, na kama aliyebofya ni keshia, afisa mikopo au mhasibu. Majina ya wanachama na kiasi cha fedha visiingie humo hata kidogo, na wafanyakazi waambiwe kwamba unahesabu amri, huwapimi wao. Ukisoma faili hilo mwisho wa mwezi, nakuhakikishia amri chache tu zitakuwa zimebeba sehemu kubwa ya kazi.

Hili limeshaonekana kwenye programu kubwa kuliko yako na zangu. Microsoft walikusanya takwimu kwa watumiaji wa Office 2003 waliokubali kutoa. Kwenye Word, amri tano tu, yaani kubandika, kuhifadhi, kunakili, kutendua na kukoza maandishi, zilichukua karibu asilimia 32 ya amri zote zilizotumika. Kubandika peke yake kulizidi asilimia 11. Na Word ya wakati huo ilikuwa na amri zaidi ya elfu moja. Ndiyo maana walipotoa Office 2007 kitufe cha kubandika kilikuwa kikubwa kuliko majirani zake wote, pale kushoto mwanzoni kabisa.

Kwa hiyo vitufe 34 vipungue. Kwa SACCOS ya kawaida naona kaunta inahitaji hivi: Tafuta mwanachama, Weka akiba, Toa akiba, Pokea marejesho, Taarifa, Chapa risiti. Faili lako likisema kingine, lisikilize hilo kuliko mimi.

Vitufe hivyo vipe maneno. Qt inakuruhusu kuweka maandishi chini ya ikoni kwa ToolButtonTextUnderIcon. Ikoni ya diski au ya printa imezoeleka, lakini hakuna picha duniani inayoweza kuonyesha tofauti ya marejesho na akiba. Vyote ni fedha inayoingia. Neno ndilo linalotofautisha, nawe uliandike. Ikoni ziwe za pikseli 24, si 16. Kuna sababu ya kupimika: mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake. Kitu kidogo kilicho mbali kinachelewesha na kinakosewa. Ukibandika maandishi chini ya ikoni, kitufe kinakuwa kipana na keshia halengi tena nukta.

Kuhusu mpangilio: weka nafasi au mstari kati ya vikundi. Weka akiba na Toa akiba visigusane bila kitu katikati, kwa sababu kosa la hapo ni fedha ya mtu. Usitegemee kijani na nyekundu peke yake kutofautisha. Wapo wasioziona tofauti hizo, na vioo vya laptop za zamani vimepauka.

Nakuuliza pia: kati ya hivyo 34 kuna kitufe cha Futa muamala? Kama kipo, kiondoe leo, na si kwenye upau tu. Kwenye vitabu vya fedha muamala haufutwi. Unarudishwa kwa muamala mwingine ulio kinyume, wenye sababu na jina la aliyeidhinisha. Iite Rejesha muamala, ikae kwenye menyu ya Miamala, chini kabisa, baada ya mstari, na iishie kwa nukta tatu kwa kuwa inadai maelezo kabla ya kutekelezwa.

Nukta tatu hizo zina maana maalumu na watu wengi huzimwaga hovyo. Amri ikihitaji mtumiaji ajaze kitu kingine kabla haijafanya kazi, jina lake linaishia kwa nukta tatu. Ikitekelezwa papo hapo, haziwekwi. Chapa risiti kwenye upau iende printa moja kwa moja, haina nukta. Chapa… kwenye menyu ya Faili ifungue dirisha la kuchagua printa na idadi ya nakala. Keshia akishazoea, anabofya bila hofu kwa sababu anajua kipi kitamuuliza kwanza na kipi kitaenda.

Menyu tisa zenye vichochoro: vunja. Menyu ndogo moja ndani ya menyu inavumilika pale ambapo hakuna njia nyingine, ya pili isiwepo. Kupita ndani yake kunadai mausi iende mstari mnyoofu kwenye njia nyembamba, ikitoka kidogo imefunga. Taarifa ya mwanachama isiwe kwenye Ripoti kabisa. Keshia anapoitaka, mwanachama tayari yuko mbele yake na jina liko kwenye kioo. Basi iwe kwenye upau, kwenye menyu ya Wanachama, na kwenye menyu inayotokea ukibofya jina kwa kitufe cha kulia. Ila hiyo menyu ya kulia isiwe mahali pekee pa amri yoyote. Wapo wengi ambao hawajawahi kubofya kulia maishani mwao.

Na upau unaopotea sababu yake ni hii. QMainWindow, yaani dirisha kuu la Qt, usipoikataza, inaruhusu upau wa zana kuburutwa hadi pembeni au katikati ya kioo, na ukibofya kulia juu yake inatoa orodha ndogo ya kuuficha. Keshia amebofya kulia bila kukusudia, akaona jina lenye alama ya vema, akalibofya, upau ukaondoka. Kama unahifadhi hali ya dirisha kwa saveState, basi unahifadhi hata huko kupotea, ndiyo maana kuwasha upya hakusaidii. Mpe upau setMovable yenye thamani False, na dirisha lipe contextMenuPolicy ya NoContextMenu. Kaunta haihitaji upau unaotembea.

---

keshia_mwaminifu

Mimi si fundi wa programu, ni keshia, na nimesoma alichoandika dada hapo juu nikasema amin. Naomba niongeze ya upande wetu.

Saa nne asubuhi mkono wangu wa kushoto umeshika kitabu cha mwanachama, wa kulia uko kwenye namba. Kila unaponilazimisha kushika mausi umenitoa kwenye kazi. Mfumo tuliokuwa nao zamani haukuwa na mausi kabisa, ulikuwa kioo cheusi, na tulikuwa tunakwenda haraka kuliko sasa. Naomba kila kitufe cha juu kiwe na njia ya kibodi, na njia hiyo iandikwe pembeni ya jina kwenye menyu ili nijifunze taratibu bila kuhudhuria semina.

Lingine: mafundi wanapenda kutupa F2, F3, F4. Kwenye laptop zetu hizo ndizo za mwanga na sauti, mpaka ushike Fn. Nikibonyeza kupokea marejesho kioo kinakuwa giza.

Na naomba sana, kitu kikikataa kiniambie kwa nini kimekataa. Unakuta Toa akiba imefifia, mama wa watu amesimama, mimi sijui kama ni mtandao, ni ruhusa yangu au ni akaunti yake.

---

mtaalamu_wa_vichupo

Nawaheshimu waliotangulia ila naona dada amelikataa wazo la utepe haraka mno. Vijana wanaoajiriwa sasa wameanzia kwenye Word yenye utepe, hawajawahi kuona menyu za zamani. Kila kitu kiko wazi mbele yao, kimepangwa kwa vichupo, vitufe vina maneno. Si ndicho anachokitaka? Na hata LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, wameongeza mwonekano wa vichupo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017. Hiyo ya menyu inayojifunza nayo naona ni nzuri, kila mtu anapata anachotumia.

---

binti_wa_kaunta (Tanga)

Kaka, hoja yako ya vijana ina uzito, na utepe wa Office 2007 ulitatua shida ya kweli: amri zilikuwa nyingi mno, na watu walikuwa wanaomba vitu ambavyo Word ilikuwa navyo siku nyingi. Lakini angalia shida hiyo ni ya nani. Ni ya programu yenye amri mamia kwa mamia, inayotumiwa na mwandishi wa barua, mwanafunzi wa tasnifu na mchapaji wa kadi za harusi. SACCOS yetu ina amri hamsini labda. Ukizigawa kwenye vichupo, keshia atakuwa anahama kichupo ili apokee marejesho, kisha anarudi cha kwanza kuchapa risiti. Umemwongezea mbofyo kwenye kazi anayoirudia kutwa.

Halafu kioo. Pikseli 768 kwenda chini si nyingi. Toa upau wa Windows chini, toa kichwa cha dirisha, toa utepe, uone orodha ya miamala imebakiwa na mistari mingapi. Keshia anahitaji kuona miamala ya mwanachama bila kusogeza. Menyu na upau mmoja wenye maneno vinachukua nafasi ndogo kuliko utepe. Na unachokisema kuhusu LibreOffice kinaniunga mkono: wameuweka kama chaguo, menyu na pau za zamani zikabaki kwa anayezitaka.

Menyu inayojifunza tusiichukue kabisa. Hili limeshajaribiwa na kampuni yenye uwezo mkubwa kuliko sisi sote. Office 2000 ilikuja na menyu fupi zilizoficha amri usizozitumia, na ilibidi usubiri kidogo au ubofye vishale vya chini kuona zilizobaki. Office 2007 ilipokuja, Word na Excel hazikuwa nazo tena. Sababu naiona kila siku kaunta. Mtu hasomi menyu aliyoizoea, anakwenda mahali. Mkono unajua ya tatu kutoka juu. Amri ikipanda leo, ikishuka kesho, umemnyang'anya alichojifunza na unamrudisha kusoma upya. Tena amri isiyotumika mara nyingi ndiyo hasa anayehitaji kuiona, kwa sababu hajui iliko. Menyu ikae palepale mwaka mzima.

Sasa ya keshia mwaminifu, dada yangu (au kaka, samahani), umesema mambo matatu na yote matatu yanafanyika.

Njia za kibodi: ukiandika alama ya & kabla ya herufi kwenye jina la menyu, Qt inaifanya menyu hiyo ifunguke kwa Alt na herufi hiyo. Hakikisha herufi hazigongani. Faili kwa F, Hariri kwa H, Wanachama kwa W, Miamala kwa M, Ripoti kwa R, Zana kwa Z. Msaada inaanza na M kama Miamala, basi ipe S. Zile za Ctrl ziache kama dunia ilivyozizoea: Z, X, C, V za kutendua, kukata, kunakili na kubandika zimekaa pamoja kwenye mstari wa chini wa kibodi tangu enzi za kompyuta ya Lisa ya Apple, mwaka 1983, na vidole vya watu vinazijua. Ctrl na P ni kuchapa, Ctrl na F ni kutafuta, kwa hiyo Tafuta mwanachama iwe hapo. Zako za kipekee ndizo uzitafutie herufi zilizobaki. F1 ibaki msaada. Mwongozo wa IBM wa kupanga uso wa programu, ulioitwa CUA, wa mwaka 1987, ulisaidia sana kuieneza hiyo, pamoja na desturi ya Faili kuanza na Msaada kumalizia. Huna sababu ya kuibadilisha. Hizo F nyingine ziache kwa sababu aliyoitaja keshia.

Kufifia: mimi nafuata kanuni moja. Kitu ambacho mtu huyu haruhusiwi kamwe kwa cheo chake, asikione. Keshia hana haja ya kuona Idhinisha mkopo kila siku ikiwa imefifia. Lakini kitu anachoruhusiwa ambacho kwa sasa hakiwezekani, kibaki palepale, kifife, na kiseme sababu. Andika sababu kwenye maelezo yanayotokea mausi ikisimama juu yake: "Akaunti imefungiwa kwa dhamana ya mkopo", au "Hujafungua siku". Kwenye upau yatatokea hata kitufe kikiwa kimefifia. Kwenye menyu Qt haiyaonyeshi mpaka uipe setToolTipsVisible.

Fundi, hapa ndipo QAction itakapokuokoa. Tengeneza QAction moja kwa kila amri, uiweke hiyohiyo kwenye menyu, kwenye upau na kwenye menyu ya kulia. Ukiifisha, inafifia kote. Ukibadilisha jina au sababu, inabadilika kote. Ukitengeneza kitufe chake na kipengele cha menyu chake kila kimoja na msimbo wake, siku moja kimoja kitafifia kingine kitabaki wazi, na mtu atatoa fedha kupitia pale palipobaki wazi.

---

fundi_wa_Kirumba

Dada, shukrani sana. Upau haupotei tena, ilikuwa kama ulivyosema, bofyo la kulia na saveState. Nimeongea na meneja, nitakaa kaunta mwisho wa mwezi.

Rasimu yangu mpya, naomba uipitie. Upau: Tafuta mwanachama, mstari, Weka akiba, Pokea marejesho, mstari, Toa akiba, mstari, Taarifa, Chapa risiti, na mwisho kabisa kulia, Funga siku. Menyu ni zile saba ulizotaja. Funga siku nimeiweka juu kwa sababu wanaitumia kila siku jioni na wamezoea kuisahau.

---

binti_wa_kaunta (Tanga)

Mpangilio umekaa vizuri, hasa ulivyoitenga Toa akiba na zile mbili za kupokea.

Funga siku itoe. Kila siku jioni ni mara moja kwa siku, Chapa risiti ni kila mteja, na umeziweka jirani. Mtu akikosea saa sita mchana kaunta zote zinasimama. Iweke mwisho wa menyu ya Miamala baada ya mstari, na nukta tatu, kisha dirisha lake lionyeshe jumla ya fedha ya kaunta kabla ya kukubali. Kitufe cha kukubali kiandikwe "Funga siku", si "Ndiyo", ili anayesoma kitufe peke yake ajue anachokifanya.

Kuhusu kusahau, kitufe hakimkumbushi mtu. Ukipita muda wao wa kufunga kaunta, andika kwenye mstari wa hali chini ya dirisha kwamba siku haijafungwa, na uache hapo mpaka ifungwe. Mtu akitaka kuzima programu kabla ya hapo, muulize.

Kabla hujaandika msimbo, chapa dirisha hilo kwenye karatasi, umpe keshia ambaye hajauona mfumo, umwambie "Mwanachama amekuja na marejesho, onyesha kwa kidole ungebofya wapi." Nyamaza, usimsaidie. Wafanyie hivyo na afisa mikopo na mhasibu pia, kila mmoja kwa kazi zake, kisha lete hapa wanapokwama.